Majani ya Nyuma ya Kigoda

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata bibi yangu alizisikia kwa kusimuliwa, wanyama walikaa kijiji kimoja, kila mmoja na nyumba yake, jiko lake na maneno yake. Sogeeni karibu, wanangu, maana leo sina nguvu ya kupaza sauti. Na hadithi yenyewe ni ya mtu aliyechoka.

Mtu huyo ni Bi Kindi, mjane mdogo wa umbo, mwenye kibanda chake juu ya mkorosho kando ya uwanja wa kijiji. Alichoka nini? Alichoka kuzomewa.

Kijiji kile kilikuwa na desturi. Kila mwezi ulipoandama, watu walikusanyika uwanjani alasiri, wakaketi duara, kila mtu kwenye kigoda chake, wakanywa uji wa shubiri. Shubiri mnaijua? Tone moja ulimini, unasahau jina lako! Ilisemekana kwamba mwaka wa ukame, kisima kilipokauka, babu yake Mzee Tembo aliwakamulia watu shubiri wakanywa, wakapona. Sasa kisima kilikuwa kimejaa mpaka vyura wanalalamika, lakini uji ulinywewa vilevile. Na ukimaliza kibuyu chako ni lazima useme, "Nimekunywa, sikukunja uso!"

Bi Kindi alijaribu mara moja. Ptuu! Uji ukamtokea puani. Tangu siku hiyo aliweka kibuyu chake chini, kimejaa, akasema kwa adabu, "Mniwie radhi, mimi siwezi."

Hapo vikatoka vifuniko vya sufuria. Kwa! Kwa! Kwa! Mwanzishaji alikuwa Mama Fisi, jirani yake, ambaye ukuta wa nyumba yake uligusana na shina la mkorosho.

"Kindi kakunja uso, zooo!
Hana haya, hana kwao, zooo!"

Walimfuata na wimbo huo kisimani, shambani, hata alipokuwa anafagia kaburi la mumewe. Hakuna aliyekuja kwake kuomba moto wala chumvi. Miaka mitatu! Kijiji kilipokata shauri kumzomea rasmi, mara ya kwanza alilia. Mara ya pili hakulia, alikaa tu mlangoni akitazama miguu yake.

Na desturi ilisema hivi: anayezomewa rasmi mara tatu, anahama.

"Bi Kindi," alisema Mzee Tembo, mkuu wa kijiji, bila kumtazama machoni, "mwezi huu zamu ya kupika ni yako. Utapika, na utakunywa wa kwanza, sote tukikuona. Ukishindwa, kabla jua halijazama uwe umevuka mto."

"Na kaburi la mume wangu, Mzee wetu, nimwachie nani?"

"Kaburi halinywi uji!" alidakia Mama Fisi. Watu wakacheka, he he he!

Bi Kindi akapanda kwake. Alikuwa na mkeka mmoja na chungu kimoja, kufungasha si kazi. Akaanza kuukunja mkeka. "Nimechoka," akajisemea. "Nikavuke mto, nianze tena kuwabembeleza watu wanizoee? Kwa umri huu?"

Akatupa jicho chini, kama mtu anayeuaga uwanja. Ndipo alipoona kitu ambacho aliyeketi chini hakioni.

Vigoda vilikuwa vimepangwa duara, na nyuma ya kila kigoda palikuwa na kipara. Majani yamekauka, udongo umeungua. Nyuma ya kigoda cha Nyati, kipara. Cha Twiga, kipara. Cha Mama Fisi, kipara kipana kama ungo. Cha Mzee Tembo ndiyo usiseme, ungeweza kuanikia mpunga. Ni nyuma ya kigoda kimoja tu majani yalikuwa mabichi, nacho ni kigoda chake.

"Ala!" alisema Bi Kindi. "Kumbe uji wanaumwaga!"

Hakucheka. Moyo ulimuuma. Akaukunjua mkeka wake.

Siku ilipofika, akapika. Alitia unga wa mtama, akatia maji ya mchicha ili uji upate ule ukijani, kisha akatia asali, masega mawili mazima. Nje ya chungu alipaka utomvu wa shubiri ili harufu iwe ileile. Alipokuwa anapita kwenye tawi la chini, akawaona majimoto, wale wadudu wekundu wanaong'ata kama kaa la moto, wanaopenda utamu kuliko roho zao.

"Jirani zangu," akawaambia, "leo mna karamu."

Watu wakaketi. Bi Kindi akainua kibuyu. Gwi, gwi, gwi! Akakipindua, hata tone halikubaki. "Nimekunywa, sikukunja uso."

Mama Fisi alikuwa ameshainua kifuniko. Akakishusha polepole.

"Haya, na nyinyi," alisema Bi Kindi. "Usije ukapoa."

Vibuyu vikapanda. Vichwa vikarudi nyuma, makoo yakalia gulu gulu gulu, yakimeza hewa tupu. Kisha mikono ikapita mgongoni. Chururuuu!

"Nimekunywa, sikukunja uso!" alinguruma Nyati.

"Mkali leo, lakini sikukunja uso!" alisema Twiga.

"Bi Kindi, umeikoleza shubiri!" alisifu Mzee Tembo, akifuta mdomo uliokuwa mkavu.

Bi Kindi alitulia, mikono mapajani. Angeonja mmoja tu, angejua. Kwa kweli alitamani awepo hata huyo mmoja.

Juu ya mkorosho majimoto wakanusa. Wakateremka, jeshi zima, kimya kimya, wakazunguka nyuma ya vigoda.

"Yalaa!" alipiga kelele Nyati. "Mkia wangu!"

"Uwiii! Wameingia! Wameingia!"

Twiga alikunja uso, akakunja na shingo. Mama Fisi alijikunja hata macho hayakuonekana. Mzee Tembo akaruka, na Tembo haruki, wanangu, akakiangukia kigoda chake. Kwachaa!

Walipogeuka kutazama, kila kipara kilikuwa chekundu kwa wadudu, wamejazana juu ya uji unaong'aa. Kwenye majani ya Bi Kindi hapakuwa na hata mmoja.

Mzee Tembo akachovya ncha ya mkonga wake chunguni, akaonja. Masikio yakamlegea. "Asali," akasema.

"Basi miaka yote hii," aliuliza Twiga, "nani alikuwa anakunywa?"



"Katudanganya!" alifoka Nyati. "Mzomeeni! Zo..." Akatazama chini. Alikuwa amesimama juu ya kipara chake mwenyewe.

Bi Kindi akamgeukia Mama Fisi. "Jirani, kifuniko chako ndicho kilicholia kuliko vyote. Nilikukosea nini?"

Mama Fisi alikuwa anajipapasa alipong'atwa. Akainamisha uso. "Hukunikosea, mwenzangu. Ila ulipokuwa unazomewa wewe, hakuna aliyegeuka kutazama nyuma yangu."

"Nimekusikia," alisema Bi Kindi. Alitaka kukasirika, akakuta hasira yenyewe imekwisha. Akajipandia kwake. Jua likazama, na hakuna aliyethubutu kumtajia mto.

Asubuhi yake alishuka kuchochea jiko lake. Akasikia hatua. Alikuwa Mama Fisi, ameshika kifuniko cha sufuria.

"Hodi, mwenzangu. Jiko langu limezimika. Nimekuja kuomba moto."

Bi Kindi alimtazama, akakitazama kifuniko. Kisha akachukua koleo, akamtilia makaa mawili mekundu.

"Karibu," alisema. "Lakini siku nyingine uje na kigae cha kubebea moto."

Hadithi yangu nimeiacha hapo jikoni, na mimi naomba nipumzike. Ila mkisikia mtu anazomewa, wanangu, tazameni kwanza majani ya nyuma ya wanaozomea.