Shamba Jembamba

Majirani walimwita Jembe, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi. Alilima viazi peke yake, akijifunga kibwebwe msimu baada ya msimu, lakini kila alipouza aliambulia patupu. Mbegu na dawa alinunua kidogo kidogo kwa bei ya rejareja. Na kwa kuwa magunia yake yalikuwa machache, hakuna lori lililokubali kumfuata shambani, hivyo alimwuzia mchuuzi kwa bei ya kutupa. Sasa maji yalikuwa yamemfika shingoni. Akila hasara tena, itambidi akodishe shamba aliloachiwa na baba yake, naye aende mjini kufua nguo za watu. Wazo hilo lilimnyima raha kabisa.

Siku ya kulima, dereva wa trekta alisimama pembeni, akatazama, akacheka.

"Mama, hili ni shamba au mkanda wa suruali?"

"Wewe lima, maneno peleka sokoni!"

"Nitalimaje? Nikisogea kidogo nageuza. Mafuta yataishia kwenye kugeuza, na wewe ndiye utakayelipa. Tena safari ya kuja huku gharama yake ni ile ile, nilime kipande hiki au nilime mpaka kule mwisho." Akanyoosha kidole ng'ambo ya ua wa miiba. "Kule ni kwa nani?"

Jembe alikunja uso. Kule kulikuwa kwa mdogo wake wa kiume, na mbele zaidi kwa mdogo wao wa mwisho, fundi cherehani. Baba yao alipofariki waligawana shamba kwa ugomvi, wakapanda miiba mipakani, na tangu hapo walikuwa paka na panya.

Trekta liliondoka bila kulima. Jembe alilia kwa uchungu, kisha akapiga moyo konde, akaenda kwa mdogo wake. Alimkuta akichambua viazi vilivyoozea kwenye magunia kwa kukosa lori.

"Umekuja kunicheka, dada?"

"Nicheke kwa meno yapi? Hata mimi nimekwama. Tung'oe miiba, trekta lipite mara moja kwetu sote watatu. Mbegu tununue kwa jumla."

"Halafu uvune viazi vyangu?"

"Viazi vyenyewe kama kokoto, nani avitake?"

Mdogo wake alijikaza asicheke, akashindwa. Wakaenda pamoja kwa fundi cherehani, naye akaweka mkasi chini kabla hawajamaliza kueleza.

"Nilikuwa nangoja mmoja wenu aanze," alisema.

Waling'oa miiba mpaka viganja vikavuja damu. Walishangaa kuona jinsi nyua zile zilivyokuwa zimekula ardhi: palipokuwa na miiba palitosha matuta mengi ya viazi. Trekta lilikwenda moja kwa moja toka mwanzo hadi mwisho. Msimu wa mavuno lori lilifika lenyewe hadi shambani, na gharama zake zikagawanywa kwa magunia mengi, hata kila gunia likaangukiwa na fedha kidogo tu.

"Mwenye shamba ni nani?" aliuliza dereva wa lori.

Jembe, ambaye zamani angejipiga kifua, aliwatazama wadogo zake. Machozi ya furaha yalimlengalenga.

"Ni sisi," alijibu.

Shamba halikukodishwa, na Jembe mwenyewe leo ni shahidi: jifya moja haliinjiki chungu.