Marahaba ya Bibi Twilumba

Hii imenifikia leo asubuhi kutoka kwa mtu ambaye naye ilimfikia hivyo hivyo. Isome mpaka chini ndipo uipeleke mbele, maana nawajua, humu kuna watu wanatuma vitu ambavyo hata hawajavifungua.

Njombe aliishi mama mmoja mtu mzima, mjane, jina lake Bibi Twilumba. Umri wake ulikuwa umeshapita sabini kwa hesabu yake mwenyewe, na kwa hesabu ya kanisa ulikuwa bado kidogo. Bibi huyu alikuwa na ugonjwa mmoja tu: alipenda kukimbia. Hakufukuzwa na mtu, wala hakuwa na anachowahi. Alianza kwa kuwasindikiza watoto wa jirani shuleni. Watoto wakawa wanakimbia kwa ajili ya baridi, naye akaona haya kuachwa nyuma. Shule ikafungwa, watoto wakalala mpaka jua kuchomoza, yeye hakufunga.

Kila alfajiri alivaa suruali ya michezo, juu yake akajifunga kitenge, akaishika barabara ya mashamba ya chai. Majirani walizoea kuulizana leo kafukuzwa na nani. Ukimuuliza mwenyewe, alikujibu kwamba akikimbia moyo unamcheka, na moyo uliofiwa unahitaji kuchekeshwa.

Sasa, alikuwa na binti, Edina, mfanyakazi wa ofisini huko Dodoma. Siku moja kwenye grupu la ukoo ikatumwa video: mvua inanyesha, barabara inateleza, na katikati ya barabara hiyo mama yake mzazi anakimbia, kitenge kimelowa chapachapa. Ukoo mzima ukacheka. Edina hakucheka. Yeye alichokiona pale ni nyonga itakayovunjika.

Akaomba ruhusa kazini, akafika Njombe, akamwambia mama yake afungashe waende Dodoma akapumzike. Bibi alishawahi kupumzishwa huko mwezi mzima. Alikalishwa kwenye kochi mbele ya televisheni, akaletewa kila kitu hapo hapo, akajiona kama kabati lililohamishiwa nyumba mpya, linafutwa vumbi lakini halisemeshwi. Akakataa. Wakavutana siku mbili, chai ikawa inanywewa kwa kununiana.

Jumamosi ile kulikuwa na mbio za hisani pale mjini. Walikuwa wanachangia vifaa vya kuwapa joto watoto njiti, maana baridi ya Njombe haimhurumii mtu mzima, sembuse mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake. Barabara kuu ingefungwa asubuhi, na saa tatu ingefunguliwa. Ambaye angekuwa hajavuka utepe magari yakiruhusiwa, huyo mbio zake zimeishia hapo. Nyuma kabisa kungekuwa na gari la kuokota waliochoka.

"Mama, tukimbie wote," Edina alisema. "Ukivuka utepe kabla barabara haijafunguliwa, sikusumbui tena. Ukishindwa, viatu nachukua mimi, na kesho tunaondoka wote."

"Na wewe ukishindwa?"

Edina aliona mama anatania. Yeye alikuwa mtu wa jimu kila akitoka kazini, na mkononi alivaa saa inayomhesabia mapigo ya moyo.

Asubuhi ya Jumamosi Edina aliamka na haraka zake. Neno lake la kwanza kwa mama yake lilikuwa kuuliza kama namba ya kifuani ameibandika. La pili, yuko wapi mwenye pini. Wakatoka hivyo.

Mbio zilianzia mbele ya soko, na hapo hapo ndipo zilipaswa kuishia. Kwenye njia panda ya hapo sokoni alisimama trafiki kijana, magwanda yake meupe, meno yanagongana kwa baridi. Mamia ya watu walimpita kama wanavyoipita nguzo ya umeme. Alipomwona Bibi akamwamkia, "Shikamoo mama." Bibi akasimama kabisa. Akamwitikia, akamuuliza ameamkaje, kwao hawajambo, na chai ameshakunywa. Chai alikuwa hajanywa. Bibi akafungua kitenge, akamtolea kiazi kitamu cha kuchemsha alichokuwa amejiwekea cha baada ya mbio. Na msianze kuniandikia hapa kwamba hiyo ni rushwa. Ni kiazi.

Edina akamvuta mkono, akamwonya kwamba leo asiitikie watu. Apunge mkono tu, aitunze pumzi yake.

"Shikamoo ya mtu haiachwi hewani," Bibi akajibu.

Na Edina alilijua hilo tangu utoto. Nyumbani kwao mtoto akishaamkia hageuki mpaka aitikiwe. Ukigeuka kabla ya marahaba, unarudishwa mlangoni unaanza upya. Bibi alijua pia kuitumia sheria hiyo. Siku Edina alipochelewa kurudi kutoka kisimani kwa sababu ya michezo, aliamkia, mama yake akaendelea kuchambua maharage kimya. Mtoto akabaki amesimama na ndoo yake kichwani, hawezi kuingia wala kutoka, mpaka akili ikamrudia mwenyewe.

Basi filimbi ikalia, watu wakatimka. Edina alifyatuka na vijana wa mbele, mama yake akaona kisogo tu. Naye Bibi akaanza mwendo wake ule ule wa mashamba ya chai.

Jamani, mnazijua salamu za nyanda za juu? Kila kijana aliyempita alimwamkia, na kila aliyemwamkia aliitikiwa, akaulizwa na hali. Wakapita wanafunzi wa uuguzi, kundi zima, mmoja mmoja na shikamoo yake, na kila mmoja akapewa marahaba yake peke yake, hakuna ya jumla. Wakapita watu wa benki. Kandokando ya barabara wauza mahindi ya kuchemsha nao wakaamkia. Kabla hajafika hospitali, Bibi alikuwa ameshaitikia nusu ya wilaya. Aliyemwona alisema huyu mama hafiki, pumzi yote anaigawa njiani. Yeye moyoni alikuwa anafurahi kweli kweli. Kwa mwezi mzima kule Dodoma hakuamkiwa na watu hata robo ya hawa.

Mjini kwenu kama hakuna mlima, hamtaelewa kilichofuata. Baada ya hospitali barabara inapanda, na ikianza kupanda haikumbuki kuteremka. Hapo ndipo Bibi alipoanza kuwaona tena wale waliompita. Huyu kashika kiuno. Yule kakaa kwenye jiwe, anaangalia viatu vyake kama vimemkosea. Vijana wa benki walikuwa wanatembea huku wanalaumiana. Bibi akawapita na mwendo ule ule, hakuongeza wala hakupunguza, na kila aliyemwonea haya akamwamkia tena, naye akaitikia tena.

Karibu na kilele alimkuta mtu amekaa ukingoni mwa mtaro, kiatu kimoja amevua, anajikanda mguu huku machozi yakimlengalenga. Alikuwa ni Edina. Msuli umemkaza, kichomi kimemshika, na ile saa ya mkononi inalia peke yake.

Bibi akasimama. Nyuma yao gari la kuokota lilikuwa limeshaingia kona ya hospitali, likija taratibu. Alijua vizuri kilichopo. Akiendelea peke yake atafika na dakika zinabaki, na viatu vitakuwa vyake mpaka siku ya kuzikwa. Akisimama hapa kumbembeleza mtu mzima, lile kochi la Dodoma linamsubiri.

"Mama nenda," Edina akasema. "Mimi watanipakia. Wewe nenda, utachelewa."

Bibi akaokota kile kiatu. Akainama, akamvalisha kiatu, akamfunga kamba kama alivyomfunga siku ya kwanza ya shule. Kisha akamshika mkono akamnyanyua.

"Niamkie," akamwambia.

"Mama?"

"Leo nimeamkiwa na watu nisiowajua hata majina. Mtoto wangu mwenyewe tangu asubuhi hajaniamkia."

Edina akakumbuka. Aliuliza namba, akauliza pini. Kwa aibu akasema shikamoo kwa sauti iliyokatika vipande vitatu. Bibi akakataa kuipokea. Alisema shikamoo iliyokatika ni ya mtu anayekimbia mbio za mwizi. Wakatembea kwanza. Wakifika kwenye nguzo ya umeme, Edina anaamkia, mama anaitikia. Salamu ikitoka nzima, wanakimbia mpaka nguzo inayofuata. Ikitoka imekatika, wanapunguza. Nguzo baada ya nguzo, kichomi kikaachia, mguu ukalainika, na mtu wa jimu akajifunza mwendo kwa mama yake wakati mji unawatazama. Watu wa kandoni wakadhani ni wimbo, wengine wakaanza kuitikia nao.

Lakini muda hauna adabu. Walipokata kona ya mwisho, soko likaonekana, utepe ukaonekana, na saa tatu imeshafika. Upande wa pili wa njia panda malori ya mbao na ya parachichi yalikuwa yamejipanga, injini zinanguruma, madereva wanapiga honi. Yule trafiki kijana alikuwa ameshasimama katikati ya barabara, mkono juu, tayari kuyaruhusu. Mwenyekiti wa kamati ya mbio alikuwa pembeni yake, anamwonyesha saa.

Edina akavitazama viatu vya mama yake. Akajisemea kwamba ni yeye aliyemchelewesha, na sasa ndiye atakayemvua viatu. Alitamani ayafute maneno yake yote ya siku zile mbili.

Trafiki akageuza shingo kuangalia barabara kama iko wazi. Akamwona Bibi na kitenge chake, anakuja. Akafanya alichofundishwa kwao.

"Shikamoo mama."

Bibi Twilumba hakuitikia.

Aliyeitikia wauza mahindi, aliyeitikia wanafunzi wa uuguzi mmoja mmoja, sasa mdomo umefunga. Macho yake kwenye utepe, miguu inakwenda kwa mwendo ule ule. Trafiki akadhani hakusikika. Akaamkia tena, kwa sauti zaidi. Kimya. Mkono wake ukabaki juu vile vile, kiganja kimeyazuia malori. Mtoto aliyelelewa hawezi kumpa mgongo mtu mzima wakati shikamoo yake iko hewani. Honi zikazidi, mwenyekiti akasogea kumsemesha, kijana akatikisa kichwa, macho kwa Bibi.

"Mama, unaamkiwa," Edina akanong'ona, hajaelewa bado.

Bibi hakusema neno. Wakakanyaga mstari, wakakata utepe kwa pamoja, mama kwa kifua na binti kwa bega. Hapo ndipo Bibi alipogeuka, akavuta pumzi, akatabasamu mpaka pengo lake likaonekana.

"Marahaba, baba. Kiazi kilikuwa na chumvi?"

Kijana akashusha mkono, malori yakaondoka, na dereva wa mbele kabisa akatoa kichwa dirishani akamwamkia Bibi, naye akaitikiwa papo hapo.

Mwenyekiti hakuridhika. Alisema muda ulishapita, na sheria ni sheria. Akamtaka trafiki aseme mbele ya watu kama barabara ilikuwa imefunguliwa au haijafunguliwa mama huyu alipovuka.

"Ilikuwa haijafunguliwa, mkubwa," trafiki akajibu. "Ningeyaruhusuje magari wakati nilikuwa sijaitikiwa?"

Mwenyekiti akafungua mdomo, akakumbuka kwamba hata yeye ana mama, akaufunga. Watu walicheka mpaka wengine wakashika utepe wasianguke.

Edina ndiye aliyecheka mwisho, na alicheka huku analia, maana sasa alikuwa ameelewa. Aliiona ndoo kichwani, aliyaona maharage yanachambuliwa. Akamwambia mama yake kwamba mchezo ule ndio aliomfanyia yeye utotoni, na kwamba leo amemfanyia askari mzima wa serikali. Bibi akajitetea kwamba alikuwa anatafuta pumzi tu. Hakuna aliyemwamini, na yeye mwenyewe hakujitahidi sana kuaminiwa.

Kesho yake Edina alirudi Dodoma peke yake. Viatu vya mama yake viko Njombe, na ameongezewa jozi ya pili. Ile saa ya kuhesabu mapigo Edina haitegemei tena. Kila alfajiri anampigia mama yake simu, anasema shikamoo, ananyamaza kusikiliza. Marahaba ikitoka nzima, haijakatika, anajua mama yake mzima, na yuko njiani.

Funzo: Itikia salamu za watu hata ukiwa na haraka zako, maana siku utakayochelewa, heshima uliyoigawa njiani ndiyo itakayokuzuilia magari.