Jina Lililoitikiwa Mlangoni

Paukwa!

Pakawa!

Aa, mbona mmeitikia kama watu waliolala na njaa? Sogeeni, chocheeni moto huo. Paukwa!

Pakawa!

Kitendawili!

Tega!

Nilipewa bila kuomba, ni langu mwenyewe, lakini wenzangu ndio hulitumia kuliko mimi.

Jina!

Haswa, jina! Na leo nimefumbata jina moja kiganjani, linarukaruka kama panzi. Limevuka bahari, limekatwa kichwa, limevalishwa nguo za watu, na bado halikufa. Nilifungue?

Lifungue!

Basi shikeni masikio yenu yasidondoke.

Hapo zamani za kale, mbali huko ambako jua huja kama mgeni mwenye haraka, palikuwa na kisiwa cha kijani. Mvua ya kule hainyeshi, inaishi. Na ukungu je! Ukungu wa kule ukishuka, mtu akishika pua lazima aulize ni ya nani.

Katika kisiwa hicho mtu mmoja maskini alijenga nyumba ya mawe juu ya kilima. Siku moja ya njaa alibaki na kipande kimoja cha mkate wa shayiri. Mara, puu! Akatua kunguru mkubwa, mweusi tititi.

"Nipe," akasema kunguru. Yule mtu akamega, akampa.

"Nipe." Akamega tena, akampa.

"Nipe." Yule mtu akautazama mkate uliobaki, ukubwa wa kidole gumba. Akasema, "Bwana we, hapa tuume wote kwa zamu. Tukifa tufe tumekula pamoja."

Wakauma kwa zamu. Kunguru akafuta mdomo akasema, "Anayekula nami ni ndugu yangu. Kwa lugha yenu mimi ni Fiaki, nami nakupa jina hilo. Vizazi vyako vitaitwa O Fiaki, maana O ni mjukuu. Na sikiliza! Ukungu ukishuka msitegemee macho. Anayerudi nyumbani asimame aite: O! Walio ndani waitikie: Fiaki! Aifuate sauti, ataupata mlango."

Ikawa desturi. Ukungu uwepo usiwepo, hakuna mtu wa kilima kile aliyeingia nyumbani bila kuita, na hakuna aliyeita asiitikiwe.

Hebu tujaribu. Mimi natoka malishoni, ninyi mko ndani. O!

Fiaki.

Mh! Kwa sauti hiyo ningekuwa nimeshatumbukia kisimani. O!

Fiaki!

Naam, sasa nimefika. Likumbukeni, litatufaa mbele.

Miaka ikaenda, vizazi vikapokezana. Nyumba ile ikawa ya msichana aitwaye Brona na kaka zake watatu: Kolumu, Fintani na Donali. Wazazi wao walikuwa wameshazikwa nyuma ya zizi.

Chakula chao kilikuwa viazi. Asubuhi viazi, jioni viazi, sikukuu viazi vyenye chumvi. Mwaka mmoja wakaenda kuchimba, wakakuta viazi vyote vimekuwa uji mweusi unaonuka. Kisiwa kizima kikalia.

Kolumu akasema, "Dada, nakwenda kaskazini kwa wafumaji wa kitani. Nikirudi nitaita." Brona akajibu, "Ukiita nitaitikia." Akaenda.

Fintani akasema, "Dada, navuka bahari ndogo, nakwenda mashariki kwenye miji ya moshi. Nikirudi nitaita." Brona akajibu, "Ukiita nitaitikia." Akaenda.

Donali, kitinda mimba wa kiume, akasema, "Dada, navuka bahari kuu, nakwenda magharibi wanakotandika reli. Nikirudi nitaita." Safari hii Brona akaitikia kwa kichwa tu. Donali akaenda.

Brona akabaki na kondoo wachache na mlango. Kila jioni alikaa ndani akasikiliza. Upepo, hapana. Mbwa wa jirani, hapana. Nywele zikaanza kuota mvi. Majirani wakanong'ona, "Yule mama ameolewa na ukungu."

Lakini jambo lililomuuma zaidi hakumwambia mtu. Kila alipotoka kisimani na ndoo yake, alisimama mlangoni kwa mazoea, akafungua kinywa, kisha akakifunga. Angemwita nani? Nani angeitikia? Tangu Donali aondoke, Brona hakuwahi kusema O. Aliingia nyumbani kwake kimyakimya kama mwizi.

Sasa basi! Kilima kile kilikuwa chini ya bwana mmoja mkubwa aliyekaa ng'ambo, na bwana huyo alikuwa na mnyapara. Mnyapara gani huyo! Tumbo mbele, fimbo nyuma, huruma hakuna. Akaja na farasi wake akasimama katikati ya vitunguu vya Brona.

"Mama, kilima hiki bwana anakitaka kwa kondoo wake. Desturi ya zamani husema kilima ni cha ukoo. Ukoo wako uko wapi?"

"Wametawanyika," akasema Brona. "Lakini wapo."

Mnyapara akacheka hadi kofia ikaanguka. "Jina la mtu mmoja si jina, ni kikohozi! Haya, nisije nikaambiwa nimekuonea. Siku ya gulio la kondoo nitakuja na wazee wa wilaya. Nikikuta nyumba imejaa watu wa jina lako mpaka mlango haufungiki, kilima ni chenu milele. Ukifungika, unatoka na ndoo yako."

Akaondoka. Brona akakaa kizingitini akalia, tena akalia kwa sauti, maana hapakuwa na wa kumwonea haya.

Mara, puu! Kunguru! Wengine husema alikuwa mjukuu wa yule wa kwanza, wengine husema ni yule yule. Mimi sibishani na kunguru. Alikuwa mzee, bawa moja limepauka.

"Nimesikia," akasema. "Nitawatafuta."

Mnajua wahenga husema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Huyu hakuwa mwoga! Akaruka kaskazini. Akauliza mji kwa mji: "Yupo O Fiaki?" Watu wakajibu, "Hayupo." Akarudi: "Hayupo."

Akaruka mashariki, kwenye moshi. "Yupo O Fiaki?" "Hayupo." Akarudi anakohoa: "Hayupo."

Akaruka magharibi, juu ya maji yasiyo na mwisho. "Yupo O Fiaki?" "Hayupo." Akarudi bawa linaburura: "Hayupo. Brona, jina letu limekufa."

Brona akautazama mlango. Kisha akaruka juu kama aliyeketi juu ya siafu!

"Kunguru, tumekosea! Wewe unauliza mchana, unauliza barabarani. Mtu akiwa ugenini huulizwa jina na kila mwenye rungu, na hujibu litakalompa mkate. Usiulize jina. Nenda ukatue juu ya mapaa jioni watu wanaporudi kazini. Sikiliza milango!"

Kunguru akamtazama kwa jicho moja, akamtazama kwa jicho la pili. "Wee mwanamke," akasema, "babu yako alikuwa na mkate, wewe una akili." Akaruka.

Siku zikapita. Gulio likakaribia. Brona akafagia, akafagia tena palipokwisha kufagiwa. Kunguru akarudi akaanguka miguuni pake, hoi, hana hata pumzi ya kunywa maji. Akasema neno moja tu, "Wanakuja," akaficha kichwa chini ya bawa akalala kama jiwe.

Asubuhi ya gulio, heh! Kilima kikatimka vumbi! Watu wanapanda kutoka kaskazini na mabunda ya kitani. Watu wanapanda kutoka mashariki, makoti yananuka makaa. Watu wanapanda kutoka magharibi, viatu vikubwa, kofia kubwa, sauti kubwa. Wanaume, wanawake, watoto mgongoni. Wakaingia nyumbani, wakajaza sebule, wakajaza jiko, wakapanda hadi darini. Brona akasukumwa nje ya nyumba yake mwenyewe, na mlango ukagoma kufungika!

Mnyapara akafika na wazee wa wilaya. Akauona mlango. Akauma mdomo.

"Kujaa kumejaa," akasema. "Lakini mimi nilisema jina. Wewe wa kitani, unaitwa nani?"

"Fii," akajibu kijana wa kaskazini.

"Wewe wa makaa?"

"Mimi ni Mwindaji. Sisi wote huku ni akina Mwindaji."

"Wewe wa kofia?"

"Kunguru," akajibu mwanamke mmoja wa magharibi, aitwaye Meva. "Ukoo wetu ni Kunguru."

Mnyapara akapiga fimbo chini kwa furaha. "Wazee mmesikia? Fii, Mwindaji, Kunguru! Huyu mama ameokota watu gulioni!"

Wageni wakapiga kelele kwa lugha zao, wakisema baba zao ni Kolumu, ni Fintani, ni Donali. "Kila mtu ana baba, na akina Kolumu wamejaa kila kijiji," akasema mnyapara. "Mimi nataka jina."

Hata Brona mwenyewe akaingiwa na shaka. Alizitazama nyuso zile dirishani, hakumwona kaka yake hata mmoja. Je, kunguru alichanganyikiwa kwa uchovu? Je, hawa ni watu wa ukoo mwingine? Wazee wakaanza kutikisa vichwa. Mnyapara akaichukua ndoo ya Brona akampa mkononi.

Brona akaipokea. Na alipojikuta amesimama mlangoni, ndoo mkononi, kama jioni zile zote, kinywa kikafunguka chenyewe. Safari hii hakukifunga.

Akaita, "O!"

Haya, ninyi! Mko ndani! O!

FIAKI!

Mawe ya nyumba yakatetemeka! Waliitikia wa kitani, waliitikia wa makaa, waliitikia wa kofia kubwa. Vitoto vya mgongoni visivyojua hata kusema maji viliitikia. Kunguru akashtuka usingizini naye akaitikia. Brona ndoo ikamponyoka, ikabingirika mpaka chini ya kilima, na hakuna aliyeifuata.

"Shangazi!" Meva akatoka akilia na kucheka. "Marehemu baba, kila alipotoka kwenye reli, hakuingia ndani mpaka aseme O mlangoni, nasi tuseme Fiaki. Hatukujua ni jina. Tulidhani ni mchezo wake!"

"Hata kwetu!" wakasema wa makaa.

"Hata kwetu!" wakasema wa kitani. "Na baba yetu yu hai, magoti tu yamemgomea. Amesema uambiwe ameita."

Brona akageuka kaskazini, akaitikia kwa nguvu zote alizokuwa nazo, "Fiaki!"

Ndipo mambo yakafumbuka. Kolumu alipofika kaskazini, karani wa kuandika majina ya wageni alikuwa na haraka. Akaikata O, akalikata jina na mkia, likabaki Fii. Fintani alipofika kwenye moshi, karani wa kule aliijua lugha ya kisiwa nusunusu. Na neno fiaki lina maana mbili, kama sisi tunavyosema paa: paa yuko porini, paa liko juu ya nyumba. Fiaki ni kunguru, fiaki pia ni kuwinda. Karani akachagua kuwinda. Masikini Fintani, mtu asiyewahi kuwinda hata panya, akafa Mwindaji! Na Donali, karani wake alijua kunguru ni kunguru, akamwandika Kunguru kwa lugha ya kule. Makarani watatu, majina matatu, mlango mmoja.

Mzee mkuu wa wilaya akamgeukia mnyapara. "Umesikia jina?"

Mnyapara akajaribu ujanja wa mwisho. Akaenda mlangoni, akavuta tumbo ndani, akaita, "O!"

Kimya. Hata mtoto hakukohoa.

Akapanda farasi wake akateremka, na kilima kikawa chao.

Wakala, wakacheza, wakapigana kidogo kama ilivyo kwa ndugu. Kisha kila kundi likarudi lilikotoka, maana kazi haziji zenyewe kwa miguu. Wa Fii kaskazini, wa Mwindaji mashariki, wa Kunguru magharibi. Meva akabaki na shangazi yake. Na tangu siku ile, kila Brona alipotoka kisimani, alisimama mlangoni akaita kwa madaha, kama bibi harusi, naye aliitikiwa.

Funzo lake ni hili, wanangu. Jina si lile aliloandika karani. Jina ni lile unaloitikiwa ukifika nyumbani. Kwa hiyo mama yako akikuita jioni, usinune kama kinyonga. Itika!

Nilipoisimulia hadithi hii juzi, jirani yetu Odhiambo aliruka kitini. "O Fiaki? Huyo ni Mjaluo kabisa! Muulize, ametoka Siaya ama Homa Bay?" Nikamwambia hapana, ni wa kisiwa cha mvua. Akafikiri, akasema, "Basi alipita kwetu akaazima O." Tangu hapo kila tukikutana ananiuliza, "Kunguru wenu ataturudishia lini O yetu?"

Hadithi yangu imefika mlangoni, na mimi nimechoka kusimama nje. O!

Fiaki!

Haya, nimeingia. Fungeni mlango, kama unafungika.