Bendi ya Kichwa ya Bwana Chui

Paukwa!
— Pakawa!
Palikuwa na nini?
— Palikuwa na baridi!
Na kwenye baridi?
— Masikio!
Na nyuma ya masikio?

Hamjui. Mngejua msingekaa mmeupa mlango mgongo. Haya, sogeeni.

Palikuwa na mlima wa ukungu. Katika mlima palikuwa na mwamba, na katika mwamba palikuwa na pango dogo, alimokaa Mama Pimbi na watoto wake watatu. Pimbi mnamjua: mdogo, mnene, hana mkia, hana kucha za maana. Lakini huyu alikuwa na mashine ya kufuma. Msiniulize aliitoa wapi, hadithi ni yangu. Ilikuwa ya mviringo, kubwa kama sufuria ya ugali, na sindano zake zilisimama duara, kila moja na ndoano kichwani. Ukizungusha mpini, sindano zinashuka, zinapanda, zinashika uzi, zinatoa kitanzi, na chini ya mashine linateremka bomba la sufu, laini, wazi huku na huku. Kirrr-ta! Kirrr-ta!

Sufu aliiokota kwenye miiba, kondoo walipopita. Bomba likitosha, alipitisha uzi mmoja ndani ya vitanzi vyote vya mwisho visije vikafumuka, akalitoa, akaishona ncha hii na ile. Ikawa pete nene ya kuzunguka kichwa na kufunika masikio. Bendi ya kichwa! Digidigi alikuwa nayo. Nyani alikuwa nayo. Watoto wa Pimbi walikuwa nazo: nyekundu, ya manjano, na ya yule mdogo kabisa, Kitindamimba, buluu.

Watoto walikatazwa kitu kimoja tu: kuuvuta ule uzi wa mwisho kabla haujashonwa. Ukiuvuta, mdomo wa bomba unajifunga kama mdomo wa mfuko.

Asubuhi moja ukungu ulikuwa mzito, hata mkono wako huuoni. Mama Pimbi anazungusha, kirrr-ta, kirrr-ta, akasikia nje: pu. Pu. Pu. Hatua laini. Ogopeni hatua laini, watoto. Tembo hana haja ya kunyata.

"Hodi," ikasema sauti.

Kabla hajajibu, kiganja cha madoadoa kikaingia pangoni, kikambana Kitindamimba sakafuni. Nyuma ya kiganja akaja Chui mzima mzima, akajaa mlango wote.

"Mama Pimbi," akasema, "masikio yangu yana baridi na tumbo langu lina njaa. Tuanze na masikio. Bendi yangu ikiwa nzuri, nitamla huyu peke yake. Ikiwa mbaya, nitawala wote."

Mama Pimbi aliogopa, jamani! Msidhani wajanja hawaogopi. Meno yalimgongana ta-ta-ta-ta. Akaukimbilia mpini, ili Chui adhani ni mashine.

Kirrr-ta! Kirrr-ta!

"Imekwisha?"

"Bado, Bwana Chui. Hii inamtosha digidigi."

"Mimi ni digidigi? Ongeza!"

Kirrr-ta! Kirrr-ta!

"Imekwisha?"

"Bado, Bwana Chui. Hii inamtosha nyani."

"Mimi ni nyani? Ongeza!"

Na kila akisema ongeza, ukucha mmoja ulichomoza. Kitindamimba alilia nyii, nyii, kwa sauti ndogo. Kubwa aliiogopa.

Sufu ikaisha.

"Uzi umekwisha, Bwana Chui."

"Mbona mimi nauona?" Alikuwa anatazama vichwa vya watoto.

Mama Pimbi akaifumua nyekundu, furrr. Akaifumua ya manjano, furrr. Ya buluu ilibidi aingize mkono katikati ya zile kucha. Alipoivua aliigusa shingo ya mwanawe, akaisikia inavyodunda, akalia. Akaifumua nayo, furrr, masikio yote yakabaki uchi.

Kirrr-ta! Kirrr-ta! Bomba likawa refu kama mguu wa Chui. Mama Pimbi akapitisha uzi wa mwisho kwenye vitanzi, akalitoa bomba. Ncha ya uzi ule hakuiachia.

"Imekwisha, Bwana Chui. Za wadogo hushonwa, ndipo zikavaliwa. Ya mkubwa hupimwa kwanza. Ingiza kichwa huku, utokeze uso kule. Ila inabana. Huvaliwa kwa mikono miwili."

Chui akacheka. "Niinue mkono, mtoto akimbie? Mimi mjinga?"

Akavuta kwa mkono mmoja. Bomba likanasa kwenye sikio moja, likaning'inia.

"Si neno," akasema Mama Pimbi. "Nyani naye ilimkaa upande."

"Mimi ni nyani?"

Akamkalia Kitindamimba, pwaa! Mikono yote miwili ikawa huru, akalishika bomba, akavuta. Macho yakafunikwa.

"Imefika?"

"Bado, Bwana Chui. Ongeza."

Akavuta. Masikio yakafunikwa.

"Imefika?"

"Bado, Bwana Chui. Ongeza."

Akavuta. Kule mwisho wa bomba ikatokeza pua, nyeusi, imelowa, inanusa. Ilikuwa shibiri moja tu kutoka usoni mwa Mama Pimbi.

"Naona mwanga," akasema Chui.

Mama Pimbi akavuta uzi. Nyuuu!

Pua ilikuwa nje, taya zikabaki ndani. Mama Pimbi akauzungusha uzi mara tatu, akakaza fundo. Chui akataka kunguruma: mmm! Akataka kurarua, kucha zikanasa kwenye vitanzi, zote kumi. Akivuta, vinakaza. Akaruka juu, Kitindamimba akachomoka! Na Chui, haoni, mikono imegandana na kichwa, akatoka mbio akajigonga, akaporomoka mlimani, buru-buru-buru, mpaka ukungu ukammeza.

Ningependa kuwaambia alikufa. Hakufa. Siku ya tatu alilirarua lile bomba kwenye mawe, akarudi kunyata kama kawaida yake. Ndiyo maana pimbi wakiota jua, mmoja wao hukaa juu ya mwamba, haoti, anatazama tu. Na masikio yao mafupi? Yalijikunja kwa baridi siku ile.

Mama Pimbi aliokota sufu nyingine, akamfumia Kitindamimba bendi nyingine, buluu vilevile. Mtoto akaikataa. "Mama," akasema, "acha yapate baridi. Nataka nisikie."

Na funzo, watoto, ni hili: mkubwa akikuagiza, mtii. Akisema ongeza, mwongezee. Wala usimdanganye hata siku moja. Nani anasema Mama Pimbi alidanganya? Si alimwambia inabana?

Hadithi yangu imefika kitanzi cha mwisho. Nani ameshika uzi?
— Sisi!
Na nyuma ya masikio?
— Chui!
Basi kaeni mkiutazama mlango. Vuteni.
— Nyuuu!
Mmm.