Bibi Fisimaji na Ziwa Lililofungwa

Paukwa!

Pakawa!

Mmetulia?

Tumetulia, tupe!

Hapo zamani za kale palikuwa na ziwa lililozungukwa na matete. Wanyama wote walivua humo, na watoto wao wakaogelea humo. Mtawala wa ziwa alikuwa Kiboko. Huyu alifiwa na mama yake akiwa mchanga, akalelewa na Bibi Fisimaji, mvuvi hodari, na ndiye aliyemfundisha kupiga mbizi.

Ikawa samaki wamepungua. Kiboko akaingiwa na hofu, akatoa amri: ziwa limefungwa. Asivue yeyote, asikanyage yeyote ufukweni. Mamba akawekwa mlinzi.

Wanyama wakatii. Wakala mizizi, watoto wakakonda.

Bibi Fisimaji akaenda kwa Kiboko kuomba ziwa lifunguliwe. Kiboko akakataa. Akaenda mara ya pili, akaomba wavue japo siku moja kwa juma. Kiboko akakataa. Mara ya tatu hakuomba samaki. Aliomba akae tu ufukweni, ayatazame maji, maana uzee umeshamkamata. Kiboko akamwonea huruma, akamruhusu.

Siku ya kwanza bibi akasikia maji yakivurugwa kwenye hori, mkono wa ziwa ulioingia nchi kavu, pale samaki wanapotagia. Siku ya pili akaona magamba yametapakaa matopeni. Siku ya tatu akanyata, akachungulia kwenye matete. Kumbe Mamba! Anameza samaki wenye mayai, mmoja baada ya mwingine, tumbo limemvimba.

Bibi akarudi kwa Kiboko.

"Mjukuu wangu," akasema, "umetufungia sote, umemfungulia mmoja. Twende ukaone."

Kiboko akambeba mgongoni, wakaenda. Akaona kwa macho yake. Akainamisha kichwa kwa haya.

"Bibi, mimi nilidhani ninalilinda."

"Najua unalipenda, baba. Ila na sisi tunalipenda."

Mamba akavuliwa ulinzi, akafukuzwa ziwani. Kiboko akawaita wanyama, akawaomba radhi, akatangaza amri mpya: horini pasiguswe mpaka vitoto vya samaki vikue. Kwingine kote kila mtu avue cha kutosha chungu chake, na kila avuaye awe mlinzi.

Watoto wakarudi majini wakipiga kelele. Samaki nao, polepole, wakaongezeka.

Basi wanangu, mali ya wote hulindwa na wote. Ukiwafukuza wenyewe, umemwachia mwizi.

Hadithi yangu imefika mwisho. Uliyeisikia, kampe asiyekuwepo.