Kwa Nini Mama wa Samaki wa Mikanda Huzaliwa Dume

Sogeeni karibu, na aliyesikia vingine anisahihishe nikimaliza.

Hapo kale, samaki wale wadogo wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe walizaliwa kama sisi, huyu wa kiume, huyu wa kike, na hakuna aliyebadilika. Walikaa ndani ya kiumbe wa mwambani anayefanana na ua, mwenye vidole laini vinavyowasha kama upupu. Samaki mwingine akivigusa hufa ganzi. Hawa wa mikanda hawakudhurika, kwa kuwa kiumbe huyo, aliyeitwa Bi Mwasho, aliwapokea kwa sharti moja: nyumbani mwake asikosekane mama. Mama ndiye aliyekuwa mkali wa mlangoni, akiwafukuza waliokuja kumdonoa vidole.

Humo aliishi Makame na mkewe Mize, pamoja na Faki, mdogo wake Makame. Makame alikuwa mdadisi. Alitaka kujua kaa hulala saa ngapi, na kwa nini maji ya chini ni baridi kuliko ya juu. Mize alizoea kumwambia, "Ukimaliza kuuliza, mume wangu, pepea mayai." Ndiyo iliyokuwa kazi ya baba, kuyapepea mayai kwa mapezi yake pale jiweni, chini ya Bi Mwasho, mpaka yaanguliwe.

Asubuhi moja akapita chewa mkubwa, mla samaki wenzake. Mize alitoka kumfukuza, akaenda mbali kidogo kuliko ilivyofaa. Makame alihisi maji yakivutwa kwa nguvu, kisha yakatulia. Mize hakurudi.

Siku ya tatu Bi Mwasho akasema, "Pole, Makame. Lakini sharti ni sharti. Nitafutie mama kabla mwezi haujaandama."

Nyumba nyingine yenye majike ilikuwa ng'ambo ya uwanja wa mchanga mtupu, usio na jiwe wala nyasi za kujifichia. Walioujaribu hawakuonekana tena. Isitoshe, mayai ya mwisho ya Mize yalikuwa bado jiweni.

"Nenda, kaka," Faki alisema. "Mimi nitapepea."

Makame akamtazama akijaribu. Mapezi ya Faki yalikuwa mafupi, na mayai ya pembeni hayakufikiwa kabisa. Siku ile Makame hakula. Jua lilipokuwa juu, akamwendea mwenye nyumba na swali.

"Bi Mwasho, mama ni nani?"

"Ni yule atagaye na kulinda mlango."

"Kulinda naweza kuanza leo. Dume akilinda mlango siku nyingi, huwa nini?"

Tangu Bi Mwasho ashike mwamba ule, hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. "Sijui," alisema. "Jaribu tuone. Ila ukishageuka, sikuahidi kwamba utarudi ulivyokuwa."

Makame akajaribu. Alilinda mlango, akarudi mbio kumsaidia Faki kupepea, akarudi tena mlangoni. Alikula fungu lake na fungu la Mize, mwili ukampanuka. Mayai yakaanguliwa salama. Chewa alipokuja tena, Makame hakumfuata nje. Alisimama mlangoni akimchokoza, hata chewa akajitupa kwa pupa, mdomo ukazama katika vidole vya Bi Mwasho. Akaondoka akipepesuka, hakuonekana tena upande ule.

Baada ya hapo Makame akahisi uzito tumboni asioujua. Akajigeuza huku na huku kujichunguza. Mbele yake Faki alikuwa akitetemeka kuanzia kichwani hadi mkiani, kama Makame mwenyewe alivyokuwa akitetemeka mbele ya Mize.

"Faki, una nini?"

"Sijui," alijibu Faki. "Wala sijui tena nikuiteje."

Mwezi ulipoandama, Makame alitaga juu ya jiwe lilelile. Alifurahi, lakini alimkumbuka Mize, akatamani walau siku moja awe mume tena. Alijaribu. Mwili haukukubali.

Bi Mwasho aliyaona hayo, akasema, "Basi watoto wako wote wazaliwe madume. Mama akiondoka, mkubwa aliyebaki ashike mlango, asilazimike mtu kuvuka mchanga."

Na tangu siku hiyo ndivyo ilivyo. Hata leo mtu akinunua samaki hao kwa ajili ya tangi la kioo la sebuleni, muuzaji hawezi kumwonyesha jike kati ya wale wadogo, kwa sababu hayupo bado. Usitie majike wawili pamoja, maana wote wamekwisha kugeuka na hakuna wa kurudi. Watapigana mpaka mmoja afe. Tia wadogo wawili, mmoja amzidi mwenzake kidogo, kisha vuta kiti utazame. Itachukua miezi. Yule atakayeanza kutetemeka mbele ya mwenzake, huyo ndiye mume.