Marufuku Kuponda

Palikuwa na Sultani, Shaweji jina lake, mtu mwepesi wa kuudhika. Alipopata habari kwamba raia wanamponda vibarazani, akapiga mbiu: marufuku kuponda! Atakayeponda, viboko arobaini.

Mjini humo aliishi Machano, mtengeneza dawa, maskini wa kutupwa. Kichwani hana unywele hata mmoja, na dawa aliyoiuza zaidi ni ya kuotesha nywele. "Mganga hajigangi," alijitetea, na wateja walicheka wakanunua.

Siku ya tatu ya sheria, Sultani tumbo likamfunga. Akaagiza dawa kwa Machano. Machano akatia majani ya sanamaki kinuni, akaanza kazi. Jirani yake, Bi Mize, akamwita dirishani:

"Wafanyani, Machano?"

"Naponda ya Sultani!"

Ulimi ukamponza. Wala simcheki, hata mimi msimulizi ningejibu hivyohivyo. Sisi wapenda porojo akili zetu ni ndugu. Mara askari wawili waliomsikia wakipita njiani wakambeba, yeye na kinu chake.

"Umeponda?" akauliza Sultani mbele ya baraza zima.

"Nimeponda sanamaki, Maulana. Dawa yako."

"Sheria haikusema usiponde nini. Kuponda ni kuponda!"

"Nisamehe, Maulana, mimi mjinga. Mke wangu husema kichwa hiki kimekosa nywele nje na ubongo ndani."

"Ala! Sasa wajiponda mwenyewe! Viboko themanini!"

Machano akaogopa kwelikweli. Viboko themanini ni vingi, na mgongo alikuwa nao mmoja tu.

Askari akainua kiboko. Papo hapo tumbo likamkata Sultani, akajikunja kitini.

"Dawa! Iko wapi dawa?"

"Kinuni, Maulana. Haijalainika. Na kuponda ni marufuku."

"Ponda!"

"Na viboko vyangu?"

"Vimefutwa vyote! Ponda!"

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Mbele ya yeyote! Nimekuruhusu mimi Sultani, ponda upesi!"

Machano akashika mchi. Akawatazama mawaziri, akawatazama askari, kisha akainama kwa adabu.

"Maulana, kuponda ni kuponda. Nianze na sanamaki, au nianze na wewe?"